Kupungua Uzito na Matiti: Lipi ni Kazi ya Mazoezi, na Lipi ni la Kumwona Daktari

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano

Mwanamke anayeanza mazoezi ili apunguze uzito huona mabadiliko usoni, kiunoni na, mara nyingi, kifuani. Sidiria iliyokuwa ikimbana inaanza kulegea. Blauzi inakaa vingine. Wapo wanaofurahi, wapo wanaoingiwa na wasiwasi, na wapo wanaoacha mazoezi kabisa baada ya kuambiwa na jirani au mume kwamba kukimbia “huangusha matiti”.

Upande wa pili kuna jambo zito zaidi. Mwanamke aliyekuwa akipungua uzito huona titi moja limebadilika, akajiambia, “Ni mazoezi tu, nimepungua.” Miezi inapita. Anapofika hospitalini, ugonjwa umeshatangulia mbele.

Makala haya yanaeleza kinachotokea kwenye matiti mwili unapopungua, yapi ni ya kawaida, na yapi hayana uhusiano wowote na mazoezi. Kwa ufupi: mazoezi hupunguza mafuta ya mwili, na mafuta hayo hupungua katika matiti yote mawili. Titi moja likibadilika peke yake, hiyo si kazi ya mazoezi. Lichunguzwe.

Titi limeundwa na nini?

Ndani ya titi kuna vitu vitatu vikubwa. Cha kwanza ni tezi za maziwa pamoja na mirija inayopeleka maziwa kwenye chuchu. Cha pili ni mafuta, yanayojaza nafasi kati ya tezi na chini ya ngozi. Cha tatu ni nyuzi nyembamba lakini imara zinazoshikilia tezi na mafuta hayo, zikiyaunganisha na ngozi kwa mbele na ukuta wa kifua kwa nyuma.

Ndani ya titi lenyewe hakuna msuli wa kuliinua. Misuli ya kifua ipo, lakini iko nyuma ya titi, imelala juu ya mbavu. Titi limekaa juu ya msuli kama mto uliowekwa juu ya kitanda: kitanda unaweza kukiimarisha, lakini mto unabaki ni mto. Ukilikumbuka hili utajua ahadi zipi za jimu na za matangazo ni za kweli.

Kiasi cha mafuta na kiasi cha tezi hutofautiana sana kutoka mwanamke mmoja hadi mwingine. Wanawake wawili wanaweza kuvaa sidiria ya ukubwa mmoja, huyu titi lake likiwa na mafuta mengi na yule likiwa na tezi nyingi. Umri nao unachangia. Msichana huwa na tezi nyingi zaidi, na kadiri miaka inavyosonga, hasa baada ya kukoma hedhi, tezi hupungua na mafuta huchukua nafasi yake.

Kwa nini matiti hupungua uzito unapopungua

Mwili unapotumia nguvu nyingi kuliko inayoingia kwa chakula, huchota akiba yake ya mafuta. Akiba hiyo haichotwi mahali pamoja tu. Huwezi kuuamuru mwili utoe mafuta tumboni na kuacha ya kifuani, wala kutoa ya mapajani na kuacha ya usoni. Maumbile uliyorithi na homoni ndizo zinazoamua pa kuanzia. Ndiyo maana dada wawili wa tumbo moja wanaweza kutembea pamoja kila asubuhi pale Mama Ngina Waterfront, mmoja akapungua kifua mapema na mwingine akakaa miezi bila kuona tofauti.

Mwenye matiti yenye mafuta mengi ataona yamepungua zaidi. Mwenye matiti yenye tezi nyingi huenda asione mabadiliko makubwa, kwa sababu tezi hazichomwi na mazoezi. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba zoezi fulani litapunguza matiti pekee, au litapunguza mwili wote na kuyaacha matiti yalivyo, anakuahidi jambo asiloliweza.

Kuna mabadiliko mengine matatu yanayofuata kupungua uzito, na yote ni ya kawaida yakitokea pande zote mbili.

Kwanza, ngozi inaweza kuonekana imelegea. Ngozi ilijinyoosha kubeba titi kubwa, na mafuta yakitoka haijirudi mara moja. Hujirudi kwa kiasi, hasa kwa aliye na umri mdogo na aliyepungua polepole.

Pili, michirizi ya ngozi inaweza kuonekana zaidi. Mara nyingi ilikuwepo tangu ujauzito au tangu uzito ulipoongezeka. Sasa imedhihirika tu.

Tatu, titi linaweza kuhisika lina vinundu vinundu kuliko zamani. Mafuta yalikuwa yamezifunika tezi. Yakipungua, mkono unazifikia kwa urahisi. Vinundu vya namna hiyo kwa kawaida huhisika kwenye matiti yote mawili, hujaa kabla ya hedhi na hupungua baada yake. Donge moja lililo tofauti na sehemu nyingine ni habari nyingine, na tutalizungumzia hapa chini.

Je, kukimbia huangusha matiti?

Hili ndilo swali linalowazuia wanawake wengi, basi tulijibu kwa ushahidi uliopo.

Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky waliwachunguza wanawake waliofika kwa madaktari wa upasuaji wakitaka matiti yao yarekebishwe, wakitafuta yale yanayoambatana na matiti kulegea. Waliyoyataja ni umri, unene, matiti makubwa kwa asili, idadi ya mimba, uvutaji wa sigara, na kupoteza uzito mwingi sana, yaani zaidi ya kilo 22 hivi. Kunyonyesha hakukuonekana kuwa chanzo. Hata kutofanya mazoezi ya sehemu ya juu ya mwili hakukuonekana kuleta tofauti.

Wanawake wetu wanapaswa kuyatilia maanani mambo mawili kati ya hayo. Kunyonyesha hakuharibu matiti. Ni mimba yenyewe inayoyanyoosha, nayo ni hivyo hivyo kwa aliyenyonyesha na asiyenyonyesha. Na sigara, ambayo huiharibu ngozi na kuifanya ipoteze uwezo wa kujirudi, ni adui mkubwa wa umbo la titi kuliko njia ya kukimbilia.

Hii haina maana kwamba kukimbia bila kujihifadhi hakuna madhara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ambao kwa miaka mingi wamepima mwendo wa matiti wakati wa mazoezi, wameonyesha kwamba titi haliruki juu na chini tu. Huenda pia kushoto na kulia, na mbele na nyuma, kwa mkondo unaofanana na namba 8. Mwendo huo huvuta ngozi na zile nyuzi za ndani na huleta maumivu. Miongoni mwa wanawake waliokimbia mbio za marathoni za London na wakaulizwa na watafiti, takriban theluthi moja walisema wamewahi kupata maumivu ya matiti. Kwa hiyo anayeumia kifua akikimbia si mdhaifu wala si mvivu. Anachokosa ni kizuizi kizuri.

Sidiria ya mazoezi: nini cha kuangalia

Huhitaji duka la bei ghali. Wengi wetu hununua sidiria Kongowea au kwa wauza mitumba wa mitaani, na nzuri zinapatikana humo. Muhimu ni kujua unachotafuta.

Kinachobeba titi ni ule mkanda unaozunguka mbavu, si kamba za mabegani. Kamba zikikuchora mabegani, mkanda umelegea. Vuta mkanda kwa vidole: vidole viwili vipite, ngumi isipite. Inua mikono juu. Mkanda ukipanda nyuma, sidiria hiyo ni kubwa. Titi lote likae ndani ya kikombe bila kumwagika juu wala kubanwa kwapani.

Kwa sidiria ya mitumba, ivute na uiachie. Mpira ukirudi polepole, umechoka, na sidiria hiyo haitafaa kwa kukimbia hata kama kitambaa bado kinang’aa. Kwa kutembea, sidiria ya kawaida inayokaa vizuri inatosha. Kwa kukimbia, kuruka kamba au densi za mazoezi, tafuta iliyotengenezewa michezo. Mwenye matiti makubwa huhudumiwa vyema na yenye vikombe viwili vilivyotenganishwa kuliko ile inayobana kifua chote pamoja.

Wapo wanaojifunga leso kifuani kwa nguvu kabla ya kukimbia. Leso hupunguza kuruka kidogo, lakini ikikazwa sana inazuia kifua kupanuka na kukunyima pumzi. Kama huna sidiria ya michezo, ni afadhali uchague zoezi lisilo na kuruka: kutembea kwa haraka, kupanda ngazi, kuogelea au kuendesha baiskeli.

Ukipungua kilo 5 na zaidi, jipime upya. Wanawake wengi hubaki na sidiria ya zamani iliyopwaya, wakaona matiti yameanguka, kumbe kilichoanguka ni mkanda.

Mazoezi ya kifua hufanya nini?

Kupiga pushapu, kusukuma ukuta na kuinua vyuma hujenga misuli iliyo nyuma ya titi. Misuli ikijaa, kifua huonekana kimesimama kidogo. Lakini tezi na mafuta hubaki yalivyo. Pushapu haziongezi titi, na wala hazilimalizi.

Faida inayoonekana haraka zaidi hutoka mgongoni. Mwanamke anayekaa kwenye cherehani au kompyuta kutwa nzima, au anayebeba mizigo, huinamisha mabega mbele, na mabega yakiinama kifua hushuka nayo. Mazoezi ya kuvuta viwiko nyuma huimarisha misuli ya mgongo na kurudisha mabega mahali pake.

Yote haya yanaweza kufanyika nyumbani, kwa anayependa faragha au asiye na nafasi ya kutoka:

• Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko hadi pua ikaribie ukuta, kisha jisukume nyuma. Mara 10, pumzika, rudia mara 2.

• Shika chupa mbili za maji za lita moja, ambayo kila moja ina uzito wa kilo moja. Inama kidogo, mgongo ukiwa umenyooka, vuta viwiko nyuma hadi mbavuni. Mara 10, pumzika, rudia mara 2.

• Ukizoea ukuta, hamia sakafuni ukianzia pushapu za magoti.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Dakika 150 ni sawa na kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku 5. Anayeshuka matatu kituo kimoja kabla ya kwake, kila asubuhi na kila jioni, ameshaanza.

Kwa nini tusiache mazoezi kwa ajili ya umbo la kifua

Hesabu ya kitaifa inaonyesha tunakokwenda. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu nchini, KDHS, wa mwaka 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha hali imepanda, ikikaribia nusu ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Mahamri ya asubuhi, viazi karai vya jioni na chai yenye sukari nyingi vina mchango wake, sawa na kazi za kukaa na safari fupi za bodaboda.

Uzito huu unahusu matiti pia, na si kwa umbo tu. Baada ya kukoma hedhi, mafuta ya mwili huwa chanzo kikubwa cha homoni ya estrojeni, na estrojeni nyingi kwa umri huo huongeza uwezekano wa kupata saratani ya matiti. Mazoezi ya mara kwa mara huupunguza uwezekano huo. Kwa maneno mengine, zoezi analoliogopa mtu kwa kuhofia titi lisibadilike sura, ni mojawapo ya mambo yanayolilinda titi hilo.

Tena si lazima upungue kilo nyingi ili upate faida. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito husaidia kushusha presha na sukari ya damu. Kwa mwenye kilo 90, hiyo ni kilo 4.5 hadi 9. Kwa kiwango hicho, mabadiliko ya kifua kwa wengi huwa madogo.

Polepole ni bora

Lengo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Ngozi hupata nafasi ya kujirudi, na misuli haipotei. Anayejinyima chakula hadi akapoteza kilo nyingi kwa muda mfupi huharibu misuli pamoja na mafuta, na mara nyingi uzito hurudi. Kunenepa na kukonda mara kwa mara hunyoosha ngozi ya titi tena na tena.

Katika sahani, nusu iwe mboga kama mchicha au sukuma wiki, robo iwe samaki, dagaa, mayai, maharagwe au mbaazi, na robo iliyobaki iwe wali, ugali au chapati. Mwili unaofanya mazoezi bila chakula cha kutosha hupata hasara: hedhi inaweza kuvurugika au kukatika kabisa, kwa sababu homoni zimeshuka. Matiti hupungua, na mifupa nayo hudhoofika. Msichana au mwanamke ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi 3 tangu aanze mazoezi au kujinyima chakula, na hana mimba, amwone mhudumu wa afya.

Kuhusu krimu na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kukuza, kusimamisha au kurudisha matiti, hakuna krimu ya kupaka iliyothibitishwa kufanya hivyo. Baadhi ya bidhaa hizi huwa na homoni au dawa ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko. Sindano za kupunguza uzito nazo ni dawa za kutolewa kwa cheti cha daktari. Kuzinunua mitandaoni au kudungwa saluni ni kucheza na maisha. Bidhaa yoyote ya dawa inapaswa kuwa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Matiti yaliyolegea sana baada ya kupoteza uzito mwingi hurekebishwa kwa upasuaji pekee, na hilo ni la kuamuliwa na mwenyewe pamoja na daktari.

Mama anayenyonyesha

Mazoezi ya wastani hayakaushi maziwa wala hayayachachishi. Tafiti zilizofanywa kwa kina mama wanaonyonyesha zimeonyesha kwamba mama akipungua karibu nusu kilo kwa wiki, kwa chakula bora na mazoezi, mtoto anaendelea kukua vizuri. Nyonyesha kabla ya mazoezi ili matiti yawe mepesi, vaa sidiria inayoshika bila kubana, na kunywa maji ya kutosha. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya mhudumu wake wa afya.

Mtoto akiacha kunyonya, matiti hupungua kwa sababu tezi zilizokuwa zikitengeneza maziwa zimepumzika. Mama wengi huwa wameanza mazoezi wakati huo huo, wakadhani ni mazoezi yaliyowamaliza. Sivyo. Yangepungua hata kama mama hakuinuka kitini.

Mabadiliko ambayo si ya mazoezi

Hapa ndipo tunapomwomba kila mkazi asome kwa makini, na amsomee mwingine.

Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa idadi ya wagonjwa wapya wa saratani nchini Kenya. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yaliweka idadi hiyo karibu wagonjwa 6,800, na vifo zaidi ya 3,000. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeenea, ilhali ukigunduliwa mapema hutibika.

Kumbuka kipimo hiki chepesi: mafuta hupungua pande zote mbili, polepole, sambamba na mwili mzima. Ukiona lolote kati ya haya, usiseme ni mazoezi:

• Donge kwenye titi au kwapani, hata kama haliumi. Donge la saratani mara nyingi huanza bila maumivu.

• Titi moja kubadilika ukubwa au umbo, na lingine likabaki lilivyo.

• Ngozi ya titi kubonyea, kukunjamana au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.

• Chuchu iliyokuwa imetokeza kuingia ndani, au kuelekea upande mwingine.

• Majimaji au damu kutoka kwenye chuchu bila wewe kunyonyesha.

• Upele au kidonda kwenye chuchu kisichopona.

• Wekundu, joto au uvimbe wa titi usioisha. Kwa anayenyonyesha, inaweza kuwa ni maambukizi ya titi, na dawa huyamaliza. Ukimaliza dawa na hali ikabaki, rudi kituoni.

• Kupungua uzito bila kujaribu. Aliyepungua bila mazoezi na bila kubadilisha chakula anapaswa kuchunguzwa, iwe matiti yamebadilika au la.

Tofauti ndogo kati ya titi la kulia na la kushoto ni ya kawaida kwa wanawake wengi, nayo huwepo tangu ujana. Kinachotakiwa kukuamsha ni tofauti mpya.

Tusitishane pia. Madonge mengi ya matiti si saratani. Yapo ya maji na yapo ya nyama isiyo na madhara, hasa kwa wasichana. Lakini hakuna awezaye kuyatofautisha kwa kutazama kwenye kioo, wala kwa picha iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp.

Kujichunguza na pa kwenda

Yajue matiti yako yalivyo siku za kawaida. Wakati mzuri wa kuyatazama ni siku chache baada ya hedhi kwisha, yakiwa hayajajaa. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya kila mwezi. Simama mbele ya kioo mikono ikiwa chini, kisha iinue juu, kisha iweke kiunoni ukikaza kifua. Halafu, ukiwa umelala au ukiwa bafuni na sabuni mkononi, pitisha vidole vitatu kwa mzunguko kwenye titi lote hadi kwapani. Anayepungua uzito afanye hivi kila mwezi bila kukosa, kwa sababu titi lake linabadilika na anahitaji kulijua upya.

Ukiona jambo, anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Una haki ya kuomba uchunguzwe na mhudumu wa kike, na kuwa na mwenzako ndani ya chumba. Ikihitajika, utapewa rufaa hadi hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani. Uchunguzi kamili una hatua tatu: kupapaswa na mtaalamu, kupigwa picha, na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kipimwe maabara. Kwa wenye umri mdogo picha ya kwanza huwa ni ya utrasaundi, kwani matiti yao yana tezi nyingi na mamografia haioni vizuri ndani yake. Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018 unaelekeza mamografia kwa wanawake kuanzia miaka 40 hata kama hawana dalili. Ambaye mama yake, dada yake au binti yake amewahi kuugua saratani ya matiti amweleze mhudumu mapema, kwa sababu huenda akahitaji kuanza kabla ya hapo.

Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa mkazi aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kujisajili ni kwa kupiga *147# kwenye simu yoyote. Usiyeweza kufika kituoni, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwenu. Kazi yake ni pamoja na kukuelekeza pa kwenda.

Kwa waume na wana: neno lenu lina uzito. Mwanamke anayeambiwa “umeisha” na wa nyumbani kwake ndiye anayeacha mazoezi, na ndiye anayeficha donge. Muulize lini mara ya mwisho alijichunguza, umsindikize siku ya kwenda. Na ukihisi donge kifuani pako mwenyewe, nenda pia, kwani saratani hii huwapata wanaume, ingawa ni wachache.

Yabandike haya ukutani:

1. Matiti yote mawili yamepungua polepole pamoja na mwili: ni mafuta yanatoka. Endelea na mazoezi.

2. Yanauma ukikimbia: badilisha sidiria au zoezi, usiache.

3. Titi moja limebadilika, au kuna donge, damu au ngozi iliyobonyea: nenda kituo cha afya wiki hii hii.